Stuli Mlangoni kwa Wekulo

Wiki jana mliniacha pabaya. Nilikuwa nimesimama kwenye lango la ploti ya Mzee Ndete, hapa mtaa wa Pipeline, mtaimbo mkononi, na shemeji yangu Kivuva akiniambia, "Kesho asubuhi ni zamu ya chumba cha kona."

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili kwa kinyozi na hunijui, mimi ni Mutunga. Zamani nilikuwa bondia. Niliwapiga watu, nikapigwa na watu, na siku niliyovua glavu hakuna aliyeniuliza nitakula nini. Nikawa mlinzi wa godauni, nikamwaga unga. Nikawa mlinzi wa mheshimiwa mtarajiwa kwenye kampeni za mwaka wa tisini na mbili. Aliposhindwa alinishusha Majengo kununua sigara, na gari likaondoka. Nikamaliza sigara zake nikimngoja.

Tukahamia Mowlem, tukahama. Tukahamia Kayole, tukahama. Mwishowe Kivuva, ndugu wa mke wangu, ambaye ni msimamizi wa ploti hii, akanipa kazi: niishi bure kwenye chumba cha chini kinachotazama barabara, na nikiitwa nisimame nyuma yake nikiwa nimekunja mikono.

Tangu nianze sijampiga mtu. Wapangaji wanaotakiwa kuhama wakiiona pua yangu, ambayo imevunjwa mpaka haijui inaelekea wapi, hufunga virago wenyewe. Ukweli ni kwamba si mimi niliyeajiriwa. Ni pua.

Basi asubuhi ikafika, na mimi nikawa nazunguka chumbani nikiinua mito na kuchungulia chini ya kitanda.

"Baba Mueni, unatafuta nini?" mke wangu Wanza akauliza.

"Ufunguo."

"Uko mkononi mwako."

Nikatazama. Ulikuwa mkononi. Tukacheka wote wawili, lakini yeye alinyamaza kabla yangu.

"Juzi ilikuwa viatu," alisema. "Ulivivaa, kisha ukavitafuta."

"Ni mawazo tu, Wanza."

"Mawazo gani?"

Alinimiminia chai, akasimama kando ya kabati letu la mbao, lile jipya, akaweka mkono juu yake kama anayemzuia mtoto asidondoke.

"Unaona hivi vyombo? Tangu tuoane vimeishi kwenye katoni. Kila tulipohamia nilikuwa natoa sufuria moja na vikombe viwili tu, kwa sababu nilijua tutaondoka. Hapa nimevitoa vyote. Hata sahani za maua alizonipa mama. Usije ukaniambia nivirudishe."

"Nani amesema utavirudisha?"

"Uso wako. Ulivyorudi jana na ule mtaimbo ulikuwa na uso wa mtu anayetaka kukosana na ndugu yangu."

Nikanywa chai ikiwa moto hivyohivyo, ikaniunguza ulimi. Miguu yangu ilikuwa haitulii chini ya meza. Hiyo ndiyo hali yangu siku hizi: nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kuondoka, na nikiondoka sijui nilikuwa nakwenda wapi.

Nje, matope ya El Nino yalikuwa hayajakauka. Kivuva alikuwa ananingoja, soda mkono mmoja, kofia ya mpira wa kikapu kichwani kama kijana, na miaka yake nami naijua.

"Niaje, shem. Leo usiniletee huruma. Huyo mzee ameambiwa tangu mwezi uliopita. Mzee Ndete anataka bucha hapo, iangalie barabara. Fundi wa vigae anakuja leo leo. Wewe kunja mikono tu, utaona vile atatoka."

"Ni nani huyo mzee?"

"Ni mzee fulani wa huko Bungoma. Anaishi na msichana wake. Kichwani nati zimelegea."

Nilikuwa nimemwona mara kadhaa, lakini kwa mgongo. Alikuwa akitoka mapema, kofia ya jaketi imefunika kichwa, anakimbia polepole kwenye matope kuelekea barabarani. Sikuwahi kumfuata nimsalimie. Mtu wa kazi kama yangu hajifunzi majina ya majirani, maana hajui ni lini atatumwa mlangoni kwao.

Tulipofika chumba cha kona nikaona kitu kikanikwaruza moyo. Nje ya mlango palikuwa na stuli. Kando ya stuli, beseni la maji. Juu ya stuli, taulo jeupe limekunjwa.

Siku zote nilikuwa nikivipita bila kuvitazama; leo nilisimama nikavitazama. Nilijua nimewahi kuviona mahali pengine, vikiwa vimepangwa vivyo hivyo, lakini sikukumbuka wapi. Kivuva hakuwa na shida ya kukumbuka. Alilipiga beseni teke, maji yakamwagika.

Mlango ukafunguliwa haraka. Akatoka mwanamke kijana, kitana kimechomekwa kwenye nywele, mikono ina mafuta ya kusukia. Huyu ndiye Annah, binti wa yule mzee. Riziki yake ni kusuka wanawake wa ploti hapohapo mlangoni, ili baba yake asimtoke machoni.

"Maji hayo yamekukosea nini?" alimuuliza Kivuva.

"Dada, muda umeisha."

"Najua umeisha. Nilimwomba Mzee Ndete chumba kingine cha chini kinachoonekana kutoka barabarani. Nimeambiwa hakuna."

"Si nilikwambia kuna ghorofa ya nne? Ina upepo mzuri huko."

"Ghorofa ya nne baba hawezi kufika. Si kwa sababu ya miguu. Ni kichwa."

"Basi hiyo si shida ya landlodi."

Hapo nikakunja mikono. Annah akanigeukia, akanitazama puani.

"Samahani mzee, wewe ulikuwa bondia?"

"Zamani."

"Basi wewe utanielewa, huyu hataki kunielewa. Baba yangu pia alikuwa bondia. Kila asubuhi anatoka kukimbia. Sijaweza kumzuia, miguu yake inakwenda yenyewe. Shida ni kurudi. Tulipokuwa Mowlem alipotea, nikamkuta amekaa kituo cha polisi anawauliza maaskari pambano lake linaanza lini. Hajui namba ya nyumba. Hajui jina la mtaa. Kuna siku hanijui mimi. Lakini akiona stuli, beseni na taulo, anajua raundi imeisha. Anakuja anaketi. Ndiyo sababu nilitafuta chumba hiki. Akiwa kule barabarani anaiona stuli yake, na anarudi. Nikimpandisha ghorofani ataionea wapi?"

Sasa nikakumbuka nilikoviona vile vitu. Nimeketi juu ya stuli kama ile ujana wangu wote, kati ya raundi na raundi, mtu ananimwagia maji kichwani. Kuna nyakati ulikuwa unapigwa mpaka hujui uko mji gani, lakini kengele ikilia, miguu inakupeleka kwenye stuli yako bila kukosea. Ukimuuliza bondia yeyote atakwambia hivyo.

"Ilianza vipi?" nikamuuliza.

"Polepole. Alikuwa anatafuta ufunguo, kumbe ameushika."

Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe ukaushika ufunguo, ukaubana mpaka ukaniumiza.

"Hadithi tamu sana," Kivuva alisema. "Shem, ingia utoe kitanda."

"Kivuva, ngoja kwanza tu..."

"Ngoja nini? Dada yangu analala wapi, si ni kwa hiyo kazi? Ingia."

Niliwaza kabati la Wanza. Nikapiga moyo konde, nikaingia.

Ndani palikuwa na giza kidogo na harufu ya mafuta ya kuchua misuli. Mzee alikuwa ameketi kitandani, amenipa mgongo. Aliposikia hatua zangu alisimama, akageuka, akatanguliza mguu wa kulia.

Niliijua miguu ile kabla sijauona uso. Mtu anayetumia mkono wa kushoto husimama hivyo, na katika maisha yangu ni mmoja tu niliyewahi kumwogopa.

"Wekulo!" nikasema.

Ndugu msomaji, wacha nikueleze, maana wewe hukuwepo. Mwaka wa sabini na nane, ukumbi wa Kaloleni, watu wamejaa mpaka madirishani. Aliyeshinda angepanda ndege na timu ya taifa. Nilikuwa naongoza. Raundi ya mwisho Wekulo akaniletea mkono wake wa kushoto kutoka mahali nisipopajua mpaka leo, nikaamkia hospitali, taya limefungwa kwa waya. Yeye akapanda ndege, akarudi na medali, akabebwa mabegani.

Lakini kabla hajapanda ndege alikuja wodini. Alileta maziwa ya pakiti na mrija, akaketi kando ya kitanda changu akanishikia pakiti mpaka nikamaliza. Mashabiki wangu wote, hata mmoja hakuja. Aliyekuja ni aliyenivunja taya. Tangu siku hiyo sikumwona tena, na nilimpenda mtu yule kwa miaka yote hiyo bila kumwambia mtu.

Na sasa nimetumwa kumtupa nje.

"Wekulo, ni mimi."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea mlango. Nywele zilikuwa zimekwisha, mdomo ulikuwa unatetemeka upande mmoja. Mabega tu ndiyo yalikuwa yaleyale.

"Wewe ndiye wa leo?" aliniuliza.

"Wa leo?"

"Wa kupigana na mimi."

"Hapana ndugu yangu, mimi nime..."

Sikumaliza. Mkono wa kushoto ulinipata sikioni, na nakwambia haukuwa mkono wa mgonjwa. Nilitoka mlangoni kinyumenyume, nikajikuta uani katikati ya matope. Yeye huyo, ananifuata, kidevu kimefichwa begani. Roshani zikajaa watu. Wengine walikuwa na miswaki midomoni.

"Mzee wa kona anampiga jitu la landlodi!" mtu alipiga kelele kutoka juu, na vigelegele vikaanza.

"Baba, wacha!" Annah alilia. "Mzee, usimpige! Usimpige kichwani!"

Wala sikutaka kumpiga popote. Niliinua mikono nijikinge tu. Nilirudi nyuma, nikarudi tena. Akatupa kushoto nyingine, ubavu wake ukabaki wazi, na mkono wangu wa kulia, mpumbavu asiyeulizwa, ukapita chini ya kiwiko chake ukampata mbavuni.

Haikuwa ngumi ya zamani. Lakini ilikuwa ngumi. Wekulo akapiga goti moja matopeni.

Nilichofanya baada ya hapo nimechekwa nacho mpaka Donholm. Mtu wa kawaida angemkimbilia mzee amwinue. Mtu mbaya angemmaliza. Mimi niligeuka, nikatembea mpaka pembe ya mbali ya ua, kwenye tangi la maji, nikaupa ukuta mgongo, nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya kamba ya kuanikia nguo, kati ya shuka la mtu na sare za shule, nikangoja.

Maana ndivyo tulivyofundishwa. Ukimwangusha mtu, humsogelei. Unakwenda pembe ya mbali na unakaa huko mpaka mwamuzi akupungie mkono. Usipokwenda, hatahesabu. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyokwenda kanisani.

"Unafanya nini huko?" Kivuva aliuliza.

"Nangoja."

"Unangoja nini? Si ameanguka? Ingia utoe kitanda!"

"Mwamuzi hajaniruhusu," nikasema. Naapa ilitoka hivyo. Niliisikia masikioni mwangu kama nanyi mngeisikia.

Kicheko kikalipuka ghorofa zote. Kivuva aliivua ile kofia yake akaivaa tena. Nilitamani tangi linifunike. Lakini mikono yangu ilikuwa bado kwenye kamba, na nilikuwa siwezi kuiondoa.

Hapo ndipo Wekulo, goti bado chini, aliinua kichwa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama anayetafuta. Akaniona kule pembeni. Akanikazia macho, na uso wake ukabadilika taratibu, kama taa ya mafuta inapopandishwa utambi.

"Mutunga," alisema. "Mutunga wa Kaloleni. Leo umenipata."

Annah alijiziba mdomo kwa mkono wenye mafuta.

"Amekujua," aliniambia. "Mwezi huu wote hajamtaja mtu kwa jina."

Machozi yalinitoka, na sikuyafuta, maana kamba haikuniachia mikono. Wekulo hakuwa na habari na machozi yangu. Alikuwa anajihesabia mwenyewe, kwa sauti, kidole kwa kidole. "Tatu. Nne." Ghorofa ya kwanza wakaanza kuhesabu pamoja naye. "Tano! Sita!" Ya pili wakaingia. Alipofika nane alisimama, si kabla, kama makocha wetu walivyokuwa wakitupigia kelele: pumzika mpaka nane, pumzi ni ya bure. Akapangusa goti lake, akatembea wima mpaka kwenye stuli, akaketi. Mama mmoja alishuka mbio na ndoo akajaza lile beseni.

Kivuva alinijia mpaka kwenye kamba. Hakuwa anacheka.

"Umenichezea akili mbele ya watu, shem. Naenda kumleta Mzee Ndete mwenyewe. Na mwambie dada yangu aanze kufunga vyombo."

Akaondoka.

Sikwenda kumwambia Wanza. Nilikwenda kwenye stuli, nikachuchumaa, nikachovya taulo majini nikampangusa Wekulo uso, kama mtu wa pembeni anavyofanya. Alifumba macho.

"Taya lako lilipona?" aliniuliza.

"Lilipona."

"Nilikuletea maziwa."

"Uliniletea."

"Uliyamaliza?"

"Niliyamaliza yote, Wekulo. Sikupata nafasi ya kukushukuru."

"Vizuri. Na siku hizi unakaa wapi?"

"Hapahapa. Mlango ule wa pili."

"Vizuri. Na siku hizi unakaa wapi?"

Nikamwambia tena. Akauliza tena. Mara ya tatu nilimjibu huku nikitazama mkono wangu ulioshika taulo, nikaona unatetemeka kama mdomo wake, na sikutaka kujua ni baridi ya maji au ni nini. Niliogopa. Nimepigana na watu waliotaka kunitoa roho na sikuogopa kama nilivyoogopa nikiwa nimechuchumaa pale.

Mzee Ndete akafika na viatu vyake vya mpira, kigae cheupe cha mfano kwapani, Kivuva nyuma yake akiongea bila kupumua. Nilisimama. Nilijua nimeula wa chuya.

"Ni huyu hapa, Mzee. Na huyu mwingine, badala ya kutoa vitu, amejianika kwa kamba kama shati."

Mzee Ndete hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia aliyeketi kwenye stuli. Alimzunguka upande mmoja, akamzunguka upande wa pili.

"Annah," alisema, "baba yako anaitwa nani?"

"Wekulo."

"Wekulo yupi? Si yule wa mkono wa kushoto?"

"Ndiye."

"Ala!" Kigae kilimponyoka kikavunjika, wala hakukitazama. Alimshika Wekulo mikono yote miwili akaitikisa. "Mimi nikiwa kijana nilipanda ukuta wa Kaloleni nikuone! Suruali yangu ilichanika huko juu! Kivuva, mbona hukuniambia ni Wekulo? Unataka nimtoe Wekulo? Watu watanionaje? Abaki! Abaki hapa mpaka achoke!"

Ploti ikashangilia. Annah akakaa chini palepale kwenye matope, akalia kwa kufurahi. Kivuva alibaki kinywa wazi. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, miguu yangu ikatulia.

Furaha yangu haikufika mbali.

"Lakini bucha yangu iko palepale," Mzee Ndete aliendelea, akijipangusa mikono. "Ni lazima iangalie barabara. Na vyumba vya chini vinavyoangalia barabara ni viwili tu."

Akageuza kichwa, nasi sote tukageuza, mpaka kwenye mlango wangu. Wanza alikuwa amesimama pale. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Alikuwa ameshika mojawapo ya zile sahani za maua, na kitambaa cha kuifutia.

Nilifungua mdomo niseme, Mzee, basi chukua changu. Maneno yalikuwa tayari.

"Baba Mueni," Wanza alisema. Aliikumbatia sahani tu.

Nikaufunga mdomo.

Mzee Ndete alikuwa anatutazama, mimi, kisha Wekulo, kisha mimi, na macho yake yakaanza kung'aa. Huyu mzee hana roho mbaya, na hilo ndilo baya zaidi. Mtu mwenye roho mbaya ungejua jinsi ya kumkatalia.

"Ngojeni. Wewe si ndiye Mutunga aliyevunjwa taya? Kumbe nina mabondia wawili chini ya paa moja! Sikilizeni. Jumapili nafungua bucha. Watu wakitoka kanisani wanakuja, kuna muziki, kuna supu ya bure, na hapa uani, Wekulo na Mutunga, mara ya pili! Pipeline nzima itajaa. Atakayebaki amesimama abaki na chumba chake. Hakuna atakayesema nimemwonea mtu."

"Mzee, daktari alisema ngumi moja tu ya kichwa..." Annah alikuwa amesimama tena.

"Dada, ni mchezo. Ni wazee hawa, watagusanagusana tu."

"Hujui unachosema," nikamwambia. "Sisi hatujui kugusana."

"Kama hutaki, shem, ni rahisi," Kivuva akaingilia. "Umeshindwa kabla. Leo jioni unahama, na kile cha ghorofa ya nne ni cha anayelipa kodi."

Wanza alishuka ngazi ile moja ya mlango wetu, akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya vyombo. Aliuliza kwa Kikamba, polepole, ili nisikie mimi tu, kama ninaweza. Hakuniuliza kama ninaweza kumshinda. Aliuliza kama kichwa changu kinaweza. Kumbe alikuwa amejua muda mrefu, na hakuwa anacheka ule ufunguo.

Nikigoma, sahani zinarudi kwenye katoni na sisi tunarudi barabarani. Nikishinda, stuli inaondoka pale mlangoni, na Wekulo atakimbia asubuhi moja asirudi tena. Nikijiangusha makusudi, Wanza analala nje kwa mkono wangu mwenyewe. Na hata nikimpiga kwa mapenzi, yuko Wekulo wa kushoto, ambaye hajui mapenzi kengele ikishalia.

"Jumapili?" sauti ilisema nyuma yetu.

Wekulo alikuwa ameinuka kwenye stuli. Mdomo haukuwa unatetemeka tena. Sijui alikuwa ameelewa kiasi gani, labda neno moja tu, lakini lilimnyoosha mgongo.

"Jumapili niko tayari," alisema.

Alipiga hatua tatu mpaka mbele yangu, akanyoosha ngumi zake zote mbili, moja kando ya nyingine, akangoja nizigusishe na zangu. Kwetu sisi hilo ndilo neno la mwisho. Mabondia wakishagusanisha ngumi wamekubaliana, na tangu nianze mchezo huu sijaona aliyegusa kisha akakimbia.

"Mzee, usimguse," Annah aliniambia. "Nakuomba. Usimguse."

Mikono yangu ilikuwa mfukoni. Niliiambia ikae humo. Nilikuwa nimeamua, naapa kwa jina la mtoto wangu Mueni, kwamba nitatikisa kichwa niseme hapana, na yatakayokuja yaje. Nilimtazama Wekulo usoni nianze kusema. Akatabasamu, tabasamu lilelile la wodini, akishika pakiti ya maziwa.

"Mutunga wa Kaloleni," alisema.

Nikasikia Wanza akivuta pumzi. Nikatazama chini. Ngumi zangu zilikuwa zimeshatoka mfukoni, zimenyooka mbele yangu, na kati ya zangu na za Wekulo usingeweza kupitisha kidole.